ROBERT KOCH NA MTIHANI WA MALALE

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa maradhi na Muumba wa tiba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, tumezoea katika ukurasa huu kusimulia maisha ya wanazuoni na wachamungu waliotutangulia. Leo tunaomba radhi tusimulie maisha ya mtu asiyekuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, lakini ambaye kazi yake iligusa miili ya watu wetu na ikaacha swali ambalo kila familia hukutana nalo inapompeleka mgonjwa hospitali. Mtu huyo ni Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1910.

Swali lenyewe ni hili: je, elimu kubwa na nia njema vinampa tabibu haki ya kumfanyia mgonjwa jambo ambalo bado halijathibitika, pasi na mgonjwa mwenyewe kuelezwa akaridhia?

Mtu anaweza kuuliza, habari ya Mjerumani wa zamani inatuhusu nini? Tuanzie nyumbani. Mtabila ipo wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha. Wengi wanaikumbuka kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwapo hapo tangu miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwezi Desemba 2012. Lakini nyanda hizi za Kasulu na Kibondo zina historia nyingine iliyo kongwe kuliko kambi hiyo, nayo ni historia ya malale. Huu ni ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, mdudu ambaye wengine humwita ndorobo. Mgonjwa huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, kisha kimelea hupenya hadi kwenye ubongo, akili ikavurugika, usingizi ukamshika mchana, na asipotibiwa hufariki. Historia ya kuupiga vita ugonjwa huu katika Afrika Mashariki haiwezi kusimuliwa bila ya kumtaja Robert Koch.

Kijana wa Clausthal

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa migodini, na nyumba yao ilikuwa na watoto 13, yeye akiwa wa tatu. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alijitolea kuwatibu majeruhi. Baada ya vita alipata kazi ya uganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo ndani ya mipaka ya Poland.

Huko hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini aliyozawadiwa na mkewe Emmy, na sehemu ya chumba chake cha kutibia aliyoitenga kwa pazia. Mchana alizunguka vijijini kutibu watu. Wakati uliobaki aliutumia kuchunguza damu ya kondoo waliokufa kwa kimeta. Kwa subira ya miaka kadhaa alionyesha, mwaka 1876, kwamba kimeta husababishwa na kijidudu maalumu, na kwamba kijidudu hicho hujifunika kwa ganda gumu na kuweza kukaa udongoni muda mrefu kikingojea mnyama mwingine.

Kwa hakika jambo lililompa Koch heshima halikuwa kuona vijidudu, kwani wengine walikwishaviona kabla yake. Heshima yake ilitokana na ukali wake katika kudai ushahidi. Alifundisha kwamba haifai kukituhumu kijidudu kwa sababu tu kimeonekana ndani ya mgonjwa. Sharti kipatikane kwa kila mwenye ugonjwa huo. Kitengwe na kukuzwa peke yake nje ya mwili. Kisha kikiingizwa katika mnyama mzima kimletee ugonjwa uleule, na kitolewe tena kwa mnyama huyo kikiwa ni kilekile. Wasomaji wetu waliosoma habari za namna ushahidi wa shahidi mmoja unavyopimwa na kutafutiwa wa kuuthibitisha mbele ya kadhi, watauelewa ukali huu bila ya taabu.

Tarehe 24 Machi 1882, akiwa tayari amehamishiwa Berlin, Koch alitangaza kuwa amekigundua kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi mno Ulaya wakati ule. Mwaka 1883 alifika Iskandaria, Misri, na kutoka hapo akaenda Calcutta, India, akikifuatilia chanzo cha kipindupindu, na mwaka 1884 akarejea kwao akipokewa kama shujaa. Tangu hapo jina lake likawa kubwa kuliko jina la tabibu mwingine yeyote nchini mwake.

Jina kubwa na dawa ya siri

Hapa, wapenzi wasomaji, ndipo mtihani wa kwanza ulipomfika. Mwezi Agosti 1890, mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari wa dunia mjini Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia kijidudu cha kifua kikuu kisikue. Miezi michache baadaye dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilianza kudungwa watu. Habari zilipoenea, wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande, wengine wakibebwa hali ya kuwa mahututi, hoteli na nyumba za wageni zikajaa.

Lakini yeye aliyeufundisha ulimwengu kudai ushahidi, safari hii hakuuonyesha. Aliificha siri ya jinsi dawa ilivyotengenezwa, huku akitarajia pia mapato kutokana nayo. Hakuweza kuwaonyesha wenzake wale wanyama wa maabara aliodai kuwa wamepona. Ni kweli kwamba alijidunga yeye mwenyewe kwanza, akashikwa na homa kali, na binti Hedwig Freiberg, aliyekuja kuwa mke wake wa pili, naye alikubali kudungwa. Huo ulikuwa ujasiri. Hata hivyo ujasiri wa mwenye kujaribu hauwi dalili kwamba dawa inaponya.

Mwanzoni mwa mwaka 1891 mwanazuoni wa Kijerumani Rudolf Virchow, aliyekuwa akichunguza maiti za waliodungwa, alieleza kwamba dawa ile haikuwa ikiwaua vijidudu, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa ilionekana kuusambaza ugonjwa mwilini. Matumaini yakageuka kuwa lawama. Koch alilazimika kutaja ilivyotengenezwa, kisha akaondoka kwenda Misri kupumzika. Tuberkulini haikuwa dawa. Ilikuja kufaa kwa jambo jingine, yaani kupima nani ameambukizwa kifua kikuu, na kwa kazi hiyo imetumika hadi zama zetu.

Mtu angetarajia kwamba aliyepita katika moto huo angetoka na tahadhari. Tuangalie yaliyofuata.

Safari za Afrika Mashariki

Koch aliipenda Afrika. Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kupambana na sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Kati ya mwaka 1897 na 1898 alikaa Dar es Salaam, wakati nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani, akichunguza malaria na maradhi ya mifugo. Na katika kipindi hichohicho uchunguzi wake ulithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu wa Kiziba, upande wa Bukoba, ni tauni. Alirudi tena mwaka 1905, na karibu wakati mmoja na watafiti wengine waliokuwa Kongo alionyesha kwamba homa ya papasi huletwa na papasi waliojificha katika sakafu za vibanda vya kulala wasafiri kwenye njia za misafara. Mwaka huohuo wa 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Haya yote ni mema, na haki inatutaka tuyataje kabla ya mengine.

Wakati huo msiba mkubwa ulikuwa umewashukia ndugu zetu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Tangu mwaka 1901, madaktari wa Uganda walikuwa wakiona wagonjwa wa malale wakiongezeka, na hadi ilipofika mwaka 1920 makadirio ya waliofariki yalifikia watu 250,000. Vijiji vizima vya mwambao na visiwani vilibaki mahame. Ilipofika mwaka 1903 ilikwishajulikana kwamba ugonjwa unatokana na kimelea kiishicho katika damu na katika maji ya uti wa mgongo, na kwamba mbung'o ndiye anayekieneza. Dawa haikuwapo.

Serikali ya Ujerumani, kwa kuhofia koloni lake na nguvukazi yake, ilimtuma Koch mwaka 1906 kuongoza msafara wa kuuchunguza ugonjwa huo. Alipitia Amani, katika milima ya Usambara, akafika Mwanza. Kwa kuwa hakupata wagonjwa wa kutosha katika upande wa Wajerumani, aliomba ruhusa ya Waingereza na kuvuka hadi visiwa vya Ssese, Uganda, akapiga kambi katika kisiwa cha Bugala, ambako alikaa hadi mwaka 1907.

Tuukumbuke pia mwaka wenyewe. Katika miaka hiyohiyo ya 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanganyika ilikuwa inawaka Vita vya Maji Maji, na baada yake njaa. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliofariki walifika 300,000. Mamlaka yaliyomtuma Koch kuokoa watu ndiyo mamlaka yaleyale yaliyokuwa yakichoma mashamba na maghala ya watu. Anayetaka kuelewa ridhaa ya mgonjwa wa zama zile asiyatenge mambo haya mawili.

Yaliyotokea Ssese

Koch alichukua dawa iitwayo Atoxyl, iliyotengenezwa kwa arseniki, ambayo ni sumu. Watafiti wa Liverpool walikwishaijaribu kwa wanyama na kuona kwamba inaviondoa vimelea katika damu. Wagonjwa walikuja kwake kwa mamia, wengi wao kwa hiari yao wakitafuta uhai, kwani hawakuwa na tegemeo jingine chini ya mbingu. Alianza kwa sindano za nusu gramu. Matokeo ya mwanzo yalifurahisha: vimelea vilitoweka katika damu, waliokuwa hawawezi kusimama wakatembea, waliokuwa wamepoteza fahamu wakazungumza. Barua za furaha zikaenda Berlin.

Baada ya muda ugonjwa ulirudi. Kutoweka kwa vimelea katika damu hakukuwa na maana kwamba vimetoweka katika mwili. Hapo Koch akaongeza kipimo hadi gramu nzima. Wagonjwa wakapatwa na maumivu, kichefuchefu na kizunguzungu, na baadhi yao wakatoroka. Kisha likaja kubwa zaidi: wagonjwa 22 walipofuka macho, wasione tena. Koch mwenyewe aliliandika jambo hilo katika ripoti yake, naye akakirudisha kipimo kuwa nusu gramu. Dawa haikuachwa, iliendelea kutolewa.

Tutulie hapa kidogo, kwani hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kuna watakaomtetea na kusema kuwa malale ilikuwa ikiua kila aliyeipata, basi hata dawa yenye hatari ilikuwa bora kuliko kifo. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Wanazuoni wetu wenyewe wamezungumza kwa kirefu juu ya dharura na yanayoruhusiwa ndani yake. Lakini dharura ina mipaka yake, na tunaona kasoro tatu ambazo dharura haizifuti.

Kasoro ya kwanza ni ya ushahidi. Koch hakuweka kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wa hali moja waliotibiwa kwa njia mbili tofauti, ili ijulikane kama nafuu inatokana na dawa au na jambo jingine. Wala fikra hiyo haikuwa ngeni duniani. Karibu miaka elfu moja kabla yake, tabibu wetu Abu Bakr al-Razi aliandika kwamba aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wenye dalili za ugonjwa wa utando wa ubongo, na wengine akawaacha kwa makusudi bila ya kuwatoa, ili apate kupambanua. Hali kadhalika, Koch alipoona damu ya mamba katika matumbo ya mbung'o, alipendekeza mamba waangamizwe. Damu ile ilithibitisha chakula cha mdudu tu. Haikuthibitisha kwamba ukiua mamba utaumaliza ugonjwa. Angekuwa ni yule Koch wa Wollstein, asingeikubali hoja hiyo.

Kasoro ya pili ni ya ridhaa. Kule kwao, tarehe 29 Desemba 1900, wizara ya Prussia ilikwishatoa agizo kwa wakuu wa hospitali kwamba mtu asifanyiwe majaribio yasiyokuwa ya tiba pasi na kuelezwa madhara na kukubali. Agizo lilitoka baada ya kashfa ya daktari Albert Neisser, aliyewadunga wanawake maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila ya wao kujua. Ni kweli agizo lile halikugusa dawa zinazotolewa kwa kusudi la kutibu, na Koch alikuwa akitibu. Lakini linaonyesha kwamba dhana ya ridhaa ilikwishajulikana Ujerumani miaka sita kabla ya Ssese. Haikukosekana elimu, ilikosekana nia ya kuivusha haki hiyo bahari ili imfikie mtu mweusi. Mtu aje kwa hiari kutafuta tiba, hilo ni jambo moja. Aambiwe kwamba kipimo anachopewa leo ni maradufu ya jana na mwisho wake haujulikani, hilo ni jambo jingine.

Kasoro ya tatu ni ya sera, nayo ndiyo iliyodumu kuliko zote.

Kambi

Aliporudi Berlin mwishoni mwa mwaka 1907, Koch alipendekeza wagonjwa wakusanywe na kuwekwa katika kambi, watengwe na mbung'o na watu wazima, na watibiwe humo. Serikali ilikubali. Kambi zilijengwa Kigarama, huko Kiziba, na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, Usumbura ikiwa miongoni mwake, chini ya uongozi wa mwanafunzi wake Friedrich Karl Kleine. Wasaidizi wa Kiafrika walitumwa vijijini kushika shingo za watu, kwani kuvimba kwa tezi za shingo kulichukuliwa kuwa dalili ya malale. Misitu ya mwambao ilifyekwa, na safari za wavuvi na wachuuzi wa ziwa zikawekewa vizuizi. Ndani ya kambi Atoxyl iliendelea kudungwa kwa miezi, na dawa mpya zilizotoka maabara za Ujerumani nazo zilijaribiwa kwa wagonjwa.

Wengi walikuja mwanzoni. Walipoona kwamba jamaa zao hawaponi, waliondoka au walijificha wasipatikane. Wazungu waliliita jambo hilo ujinga. Sisi tunaona kwamba walikuwa wakifanya kile ambacho Koch alikifundisha ujanani, yaani kuyatazama matokeo kabla ya kuyaamini maneno.

Robert Koch alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 27 Mei 1910, katika mji wa Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi ya afya ya taifa inayobeba jina lake. Kleine ndiye aliyekuja kuonyesha, mwaka 1909, kwamba kimelea hukua kwanza ndani ya mbung'o kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Atoxyl iliachwa baadaye. Katika miaka ya karibuni Wajerumani wenyewe wameanza kuhojiana waziwazi juu ya safari ile ya Ssese.

Nyanda za juu za Kigoma

Ama fikra ya kuhamisha watu kwa ajili ya malale haikufa pamoja na mwenyewe. Waingereza walipoichukua Tanganyika, nao walikabiliwa na ugonjwa huo katika nchi ya Waha. Katika miaka ya 1930 familia nyingi za Kibondo na Kasulu ziliamriwa kuacha vijiji vyao vilivyotawanyika na kuhamia katika makazi ya pamoja, ili misitu ifyekwe na mbung'o akose maficho. Hapana shaka kwamba kufyeka kulipunguza maambukizi. Lakini mashamba, makaburi ya wazee na malisho viliachwa nyuma, pori likavimeza, na mbung'o na wanyama wa porini wakaimiliki nchi iliyoachwa. Aliyelipa gharama ya sera hiyo hakuwa ndiye aliyeiamua.

Malale haikutoweka. Katika miaka ya 1990 na ya 2000, Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoripoti wagonjwa wengi zaidi nchini. Ndipo katika nyanda hizohizo zikajengwa kambi nyingine, za watu waliokimbia vita, Mtabila ikiwa mojawapo. Hatusemi kwamba kambi ya wakimbizi ni sawa na kambi ya wagonjwa wa Kijerumani, la hasha. Mkimbizi alikuja kutafuta usalama na akasaidiwa. Tunataja Mtabila kwa sababu inatufanya tulione swali la ridhaa kwa macho yetu. Mtu anayepokea unga, maji, hema na dawa kutoka mkono mmoja, ukimjia mkono huohuo na karatasi ya kumwomba ashiriki utafiti, je, anaweza kukataa bila ya hofu? Mama mwenye mtoto mwenye homa, anayedhani kwamba akikataa atanyimwa kadi ya chakula, sahihi yake au alama ya dole gumba lake ina uzito gani?

Kwa sababu ya maswali kama hayo, mwaka 1947 majaji wa Nuremberg waliweka kanuni za majaribio kwa binadamu, na mwaka 1964 madaktari wa dunia wakapitisha Azimio la Helsinki. Hapa kwetu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na utafiti wa afya kwa binadamu hauruhusiwi mpaka upitiwe na kamati ya maadili. Hizi ni kuta zilizojengwa juu ya makaburi ya watu waliotangulia, wakiwamo wa Ssese.

Na dawa je? Kwa miongo mingi mgonjwa wa malale aliyefikiwa ubongoni alitibiwa kwa melarsoproli, nayo pia ni ya arseniki, iliyowaka mishipani na kumuua takriban mgonjwa mmoja katika kila 20 waliodungwa. Madaktari waliitoa wakijua hivyo, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Katika miaka hii ya karibuni dawa ya kumeza iitwayo feksinidazoli ilijaribiwa Malawi na Uganda kwa malale ya aina iliyoko kwetu, kwa wagonjwa walioelezwa na kuridhia, au waliosemewa na jamaa zao pale akili zao zilipokuwa zimevurugika. Mwezi Desemba 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliipa kibali cha kisayansi, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika mwongozo wake wa aina hiyo ya malale. Yaani Uganda ileile ya Ssese imekuwa mahali ambapo kazi ilifanywa kwa adabu, na adabu haikuichelewesha dawa. Imeifanya iaminike.

Funzo kwa familia zetu

Sheria yetu tukufu imelizungumza jambo hili tangu kale. Mafakihi wameeleza kwamba anayetibu watu bila ya kuujua utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha, na kwamba hata tabibu mjuzi anahitaji idhini ya mgonjwa au ya walii wake. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa mwenyewe, na tabibu hukabidhiwa amana hiyo kwa muda tu.

Kutokana na hayo tunausia mambo mawili, na mtu asichukue moja akaliacha la pili.

La kwanza, tusiwe wanyonge wa maswali. Tukimpeleka mzazi au mtoto hospitali tuulize ugonjwa ni upi, dawa hii ni ya nini, madhara yake ni yapi, na kama kuna njia nyingine. Tukiombwa kushiriki utafiti tuulize umeidhinishwa na kamati gani, na tujue kwamba kukataa hakumwondolei mtu haki ya kutibiwa. Tabibu mwema hakasiriki kwa kuulizwa.

La pili, tusiichukue habari ya Koch tukaifanya sababu ya kukimbia hospitali, kukataa chanjo za watoto wetu, au kumkabidhi mgonjwa kwa kila anayedai kuwa na dawa ya siri isiyochunguzwa. Atakayefanya hivyo atakuwa ameanguka katika kosa lilelile la Koch wa mwaka 1890, la kuliamini jina na kuuacha ushahidi. Swali tunalomuuliza daktari wa hospitali ndilo tumuulize na muuza mizizi wa sokoni: umewatibu wangapi, wamepona wangapi, na waliodhurika wako wapi?

Robert Koch alituachia elimu ambayo kwayo mamilioni wamepona, na wapo wanaopona kifua kikuu leo kwa sababu yake. Kisiwani Bugala aliwaacha watu 22 ambao hawakuliona tena jua, na majina yao hatuyapati katika vitabu vinavyolitukuza jina lake. Mizani ya haki inayabeba yote mawili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awaongoze matabibu wetu katika elimu yenye huruma, na atujaalie kuwa wenye kuzitunza amana. Wallahu a'lam.